Mfalme Aliyenunua Kaburi Lake

Katika muhtasari wa historia tuliofundishia, Korea ilitajwa kwa vita vya 1950, basi. Mfalme Muryeong hakuwamo, na kwa maoni yangu alistahili japo ukurasa mmoja.

Alitawala Baekje, kusini-magharibi mwa rasi ya Korea, tangu 501 hadi 523. Ufalme aliourithi ulikuwa na jeraha bichi. Mnamo 475 majeshi ya Goguryeo, jirani wa kaskazini, yaliuteka mji mkuu na kumwua mfalme. Waliosalia wakahamia Ungjin, ambao leo ni Gongju. Muryeong alijenga upya nguvu za nchi, na mwaka 521 akapeleka wajumbe China, kwa watawala wa Liang, kutangaza kwamba Baekje imesimama tena.

Lakini kilichonivuta mimi ni kaburi lake. Mwezi Julai 1971, mafundi waliokuwa wakizuia maji yasiingie katika makaburi ya kale ya Gongju waligonga matofali. Hapo wezi hawakuwahi kufika. Karibu na mlango alisimama mnyama wa jiwe, mlinzi wa marehemu, na mbele yake mabamba mawili ya mawe yenye maandishi. La kwanza lasema huyu ni Mfalme Sama (ndilo jina lake la uhai), aliyefariki 523 akiwa na umri wa miaka 62, akazikwa 525. Kumbe maiti ilingoja zaidi ya miaka miwili!

La pili ni hati ya ardhi. Mfalme ananunua kiwanja cha kaburi kutoka kwa miungu ya ardhi kwa sarafu 10,000, na juu ya jiwe ziliwekwa sarafu za chuma za Kichina, karibu 90. Aliyetawala nchi nzima hakuthubutu kulala chini bila kumlipa mwenye ardhi. Malkia naye alipozikwa, 529, jiwe hilohilo liligeuzwa na habari zake zikachongwa upande wa pili.

Kati ya makaburi ya wafalme wa Baekje, ni hili tu ambalo maandishi yake yanamtaja mwenyewe. Hata hivyo wachimbaji, wakisongwa na waandishi wa habari na watazamaji, walivitoa vitu zaidi ya 4,000 kwa haraka, bila kupima vya kutosha kipi kililala wapi. Kaburi lililokaa limefungwa miaka 1,442 lilimalizwa kwa usiku mmoja.