Jimbo Lililopiga Kura kwa Cheti

"Kura gani?" nyanya aliniuliza, akacheka. Nilitaka kujua kama huko kwao Nyeri walipiga kura mwaka 1957. "Sisi tulikuwa kijijini." Wewe na mimi tukisikia kijiji tunawaza mashamba na mbuzi. Kwa nyanya, kijiji ni kile cha Hali ya Hatari: handaki, ua wa miti iliyochongwa, na kuomba ruhusa ya kutoka.

Machi mwaka huo, Waafrika wa Kenya walichagua wajumbe wao wa Baraza la Kutunga Sheria kwa mara ya kwanza. Viti vilikuwa vinane tu, kimoja kikiwa cha Mkoa wa Kati. Ili uandikishwe ulihitaji sifa fulani, kama vile elimu, mali, kipato au utumishi wa miaka mingi, na mwenye sifa nyingi alipewa hadi kura tatu. Lakini Mkikuyu, Mwembu na Mmeru waliombwa kitu ambacho Mluo hakuombwa: cheti cha uaminifu kwa serikali.

Hapo ndipo Eliud Mathu alipoangukia. Alikuwa mwalimu aliyesoma Oxford, na mwaka 1944 akawa Mwafrika wa kwanza kuteuliwa Barazani, alikopinga kipande na kutetea ardhi. Akashindwa na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru. Vita havikuwa vimeibana Meru kama Nyeri, Kiambu na Murang'a, kwa hiyo wengi wa walioandikishwa walitoka upande huo.

Basi, wengi humtaja Mate kwa sentensi moja: alishinda kwa sababu Wakikuyu walizuiwa. Mimi mwenyewe nimewahi kuandika hivyo gazetini. Leo naona sikumtendea haki. Alipoingia Barazani aliungana na akina Mboya, Odinga, Moi na Ngala, wakakataa uwaziri na kudai viti zaidi. Kama kuna aliyedhani kwamba wapiga kura wenye vyeti wangeleta mjumbe mtiifu, alikosea.

Mwaka 1958 viti sita viliongezwa, na Julius Kiano na Jeremiah Nyagah wakaingia kutoka mkoa huohuo. Ulipofika uchaguzi wa Februari 1961, majimbo yalikuwa yamechorwa upya na kile kiti kimoja kilikuwa kimekwisha.

Hata hivyo, msimamo wa Mate haufuti swali la nyanya. Mjumbe anaweza kukusemea vizuri na bado akawa hakutumwa na wewe. Hayo ni mambo mawili, na mimi nilikuwa nimeyachanganya.

Nilirudi kwa nyanya nikamsomea majina ya wale wanane. La Mate alilikumbuka.

"Huyo alikuwa mtu mzuri," akasema. "Lakini mimi hakuna aliyeniuliza."