Chombo Kimetia Nanga, Watu Wamo

Novemba 2022 nilipangiwa zamu ya usiku kwenye geti la bandari ya zamani ya Doha, upande wa gati la meli za abiria. Kombe la Dunia lilikuwa lianze tarehe 20, vyumba vya hoteli havikutosha, basi zikaletwa meli za kitalii watu walale humo. Iliyotutia kizunguzungu ni MSC World Europa, mpya, imetoka kuundwa Saint-Nazaire kule Ufaransa, ikazinduliwa rasmi hapo hapo Doha tarehe 13. Vyumba zaidi ya 2,600. Ukisimama chini yake unainua shingo mpaka kofia inadondoka. Kulikuwa na Poesia pia, na Opera. Mwezi mzima hazikwenda kokote. Watu walishuka na jezi zao, wakarudi usiku wa manane, wengine wakiimba, wengine kimya kama wametoka mazikoni, na mimi kazi yangu kutazama kadi.

Alikuwapo mzee mmoja wa Argentina aliyependa kusimama kunipigia soga. Safari za meli alizizoea: kwao hupanda Buenos Aires, wakapitia Montevideo, wakapanda na pwani mpaka Santos na Rio. Asubuhi bandari, jioni kamba zimefunguliwa. Hii ya Doha ilimchekesha, kulipa pesa kulala kwenye meli isiyosafiri. Nikamwambia kwetu Mombasa mambo hayo ni ya kale, watu wakikaa chomboni miezi, nanga iko chini, wala hapana aliyeshangaa. Kiingereza changu hakikufika mbali zaidi ya hapo, na foleni ilikuwa inarefuka.

Bibi yangu ni mzaliwa wa Kibokoni, hatua chache na Bandari ya Kale. Mwaka wake yeye hauanzi Januari, unaanza kaskazi inapovuma. Kuanzia Disemba majahazi ya Bara Arabu na Ghuba yalikuwa yakiingia: bumu za Kuwait, sambuku, za Wamanga na za Washihiri, zimebeba tende, chumvi, mazulia na papa mkavu anayenuka mtaa mzima. Kurudi kwao hakukuwa hiari yao. Lazima kaskazi ife, kusi ianze kushika kama mwezi wa nne. Hapo katikati mabaharia walikaa, na kukaa kwenyewe ni chomboni. Nahodha huenda akaalikwa nyumba za watu, akalazwa kitanda cha samadari, lakini baharia godoro lake ni mkeka na dari lake ni foromali.

Tuna shahidi wa maisha hayo. Disemba 1938 Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia, alipanda bumu ya Kuwait iitwayo Bayan kutoka Aden. Nahodha wake alikuwa Ali bin Nasir Al-Najdi. Walipakia abiria zaidi ya mia moja kule Shihr, wakalala juu ya mizigo na juu ya wenzao, na wanawake wakafungiwa chumba cha tezi, chini ya shetri, hawaonekani. Jiko ni sanduku la mbao lenye mchanga, moto juu yake, wali wa watu wote unatoka hapo. Choo ni kitundu kilichoning'inizwa nje ya ubavu, na bahari chini yako. Bayan ikashuka na pwani yetu mpaka Zanzibar, kisha ikaingia matopeni mwa delta ya Rufiji kutafuta boriti. Ilipofika Kuwait ilikuwa katikati ya mwaka 1939.

Chombo kikikaa bandarini hakiachwi hivi hivi. Bibi anasimulia kudeheni kama anayesimulia upishi. Kinangojea bamvua, kinapandishwa mchangani, maji yakitoka kinabaki kimeegama na matumbo nje. Mabaharia wanakwangua chaza, wanatia kalafati kwenye nyufa, halafu wanachukua deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa ikiwa bado vuguvugu, wanaipaka kwa viganja vyao, si kwa brashi, safu moja wakiimba, mpaka tumbo la chombo linakuwa jeupe kama kanzu ya Idi. Juu ya mstari wa maji inapakwa sifa, mafuta ya papa. Watoto wa Kibokoni walikuwa wakinusa hewa tu wakajua nani anajitayarisha kuondoka.

Ndipo ninapoona hesabu ya wale wa Doha na ya wale wa kaskazi haifanani, ingawa wote walilala melini. Aliyeletwa na upepo ana miezi mitatu ya kungoja. Miezi mitatu unajifunza lugha, unakopa, unalipa au hulipi, unaoa. Koo nyingi za Mji wa Kale wa Mombasa zimeanzia kwenye kungoja huko. Hapa Ghuba nako imebaki ngoma ya lewa, ndani yake mna maneno ya Kiswahili ambayo waimbaji wengine hawajui tena maana yake.

Lakini si wote waliofika huku kwa hiari yao, na hili watu wetu hulipitia mbio. Majahazi hayo hayo yalibeba watumwa. Sultani Barghash alifunga soko la Zanzibar mwaka 1873 na biashara ikaendelea kwa siri, kwa sababu lulu na tende za Ghuba zilitaka mikono. Doha wakati huo ilikuwa inaishi kwa lulu. Karibu miezi minne ya joto kali wanaume walikaa baharini, tende na kahawa alfajiri, kupiga mbizi na jiwe mguuni na kibanio cha gamba la kasa puani mpaka jua lizame, ndipo wali na samaki. Kati ya wapiga mbizi hao walikuwamo watumwa kutoka pwani yetu na watoto wao. Qatar ilifuta utumwa mwaka 1952, wakati lulu ilikwisha kuuawa na ile inayopandwa na Wajapani, na mafuta yameanza kusafirishwa miaka mitatu tu nyuma. Mpiga mbizi huru naye alifungwa kwa deni: anapewa pesa kabla ya msimu, msimu haulipi, hawezi kumwacha nahodha wake, akifa deni linamwangukia mwanawe. Niliposoma hayo nilicheka peke yangu. Ajenti aliyenileta Doha, sitamtaja, nilimmalizia deni lake mwezi wa kumi na nne.

Hayo ya utumwa nimeyasoma Nyumba ya Bin Jelmood, mtaa wa Msheireb, makumbusho yaliyofunguliwa 2015. Nilikwenda siku ya mapumziko baada ya fainali, Argentina imechukua kombe tarehe 18 Disemba, nikijua siku si nyingi gati litakuwa jeupe. Nilipotoka humo nikaingia katika nyumba nyingine za zamani za mtaa huo, nikatazama juu. Boriti. Za mkoko, nyeusi, zimelala moja moja kwa nafasi sawa. Waqatari huziita danshal. Zilikatwa Rufiji na Lamu, zikaletwa na kusi. Kenya ilipiga marufuku kuziuza nje mwaka 1982. Boriti ya mkoko haiendi mbali, ndiyo maana chumba cha Lamu ni chembamba kama ushoroba, mwenye nyumba awe tajiri namna gani.

Nikampigia Bibi simu nikiwa nimesimama katikati ya chumba.

"Hebu kipime," akaniambia.

"Sina cha kupimia, Bibi."

"Miguu huna, babangu?"

Nikapiga hatua ukuta hadi ukuta, mlinzi ananitazama kwa jicho la kazi, jicho ninalolijua vizuri. Tatu na kitu.

"Ndicho chumba changu hicho," akasema. "Boriti zenyewe nzima?"

Nyingine zilikuwa mpya, zimebadilishwa wakati wa ukarabati. Kuta tu ndizo hazikusogea. Nikamwambia nzima.