Pumzi na Mtungi: Uzamiaji na Hatari Zake katika Visiwa vya Lamu

Ushahidi mkongwe wa kazi ya chini ya maji katika visiwa vya Lamu umo ndani ya kuta za majengo. Mawe yaliyochongwa kwa ustadi katika magofu ya Shanga na Manda, na karne nyingi baadaye katika vidaka na miimo ya milango ya nyumba za Pate na Lamu, ni matumbawe yaliyokatwa baharini yakiwa bado hai, kwa kuwa tumbawe bichi huchongeka kwa urahisi ilhali likishakauka juani huwa gumu na hudumu. Mark Horton, aliyeongoza uchimbaji wa Shanga katika miaka ya 1980, alionyesha kuwa mji huo wa kisiwa cha Pate ulianza katika karne ya 8, ukahamwa mwanzoni mwa karne ya 15, na kwamba majengo yake ya awali ya miti na udongo yalifuatwa na majengo ya matumbawe. Neville Chittick naye alikuwa amechunguza ujenzi wa namna hiyo kule Manda. Waashi wa miji hiyo wanasifiwa katika vitabu vingi, lakini walioingia majini kukata mawe yenyewe, ama wakisimama mwambani maji yakipwa ama wakizamia, ni nadra kutajwa.

Biashara ya kasa ilihitaji watu wa namna hiyo hiyo. Kitabu cha mwongozo wa mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinataja magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa za pwani hii, na hadi karne ya 20 Wabajuni, ambao ndio wavuvi wakuu wa visiwa vya kaskazini na bara iliyo mkabala navyo, walijulikana kwa kumvua kasa kwa kutumia samaki mwingine, yaani taza, ambaye ana kikombe kichwani cha kujigandisha kwenye miili ya wanyama wakubwa. Taza alifungwa uzi mkiani, akaachiliwa karibu na kasa, akagandamana naye, na mvuvi akauvuta uzi polepole mpaka mzamiaji alipoweza kushuka na kumkamata kasa kwa mikono.

Katika zama za karibu, kazi iliyouendeleza ustadi huo kuliko nyingine yoyote ni uvuvi wa kambamawe, ambaye wengine humwita kambakoche, na mji wake mkuu ni Kizingitini katika kisiwa cha Pate. Msimu wa kaskazi, bahari inapotulia, wavuvi huenda dago, maana yake huhamia kwa muda katika kambi za pwani kuelekea Kiwayu, Mkokoni na Kiunga, na kuzamia kwenye miamba iliyo karibu. Mzamiaji huvaa miwani, hutulia juu ya maji akipumua, kisha hushuka na fimbo iliyofungwa pweza nchani. Fimbo huingizwa katika pango la kambamawe, naye, kwa kuwa pweza ni adui yake wa asili, hutoka kwa kurudi kinyumenyume huku akipiga mkia, na kuingia katika wavu mdogo uliotegwa nyuma yake. Yote hayo, yaani kushuka, kulitafuta pango, kuchokoa, kunasa na kurejea juu, hufanyika kwa pumzi moja.

Uzamiaji wa pumzi una hatari zake, na jamii zilizouishi zilijiwekea kinga bila kuwa na maelezo ya kisayansi. Mfano ulioandikwa kwa kirefu zaidi ni ule wa uzamiaji wa lulu katika Ghuba ya Uajemi, eneo ambako boriti za mikoko za Lamu zilipelekwa kwa majahazi kwa vizazi vingi, na ambako watu wengi wenye asili ya Afrika Mashariki, watumwa na huru, walifanya kazi hiyo mpaka soko la lulu lilipoporomoka katika miaka ya 1930 kwa sababu ya mdororo wa uchumi duniani na lulu za kufugwa za Japani. Mzamiaji wa Ghuba alibanwa pua kwa kibanio cha pembe au cha gamba la kasa, akashushwa kwa uzito wa jiwe, na uhai wake ukawa mikononi mwa mwenzake aliyebaki chomboni akiishika kamba, ambaye alipaswa kumvuta mara tu alipohisi mtikiso. Katika visiwa vya Lamu kamba hiyo haikuwa desturi ya lazima, lakini msingi ni ule ule: mwenye kuzama huwa na mwenye kuangalia. Hatari kubwa ya kazi hii ni kuzimia, kwani mtu anayepumua haraka na kwa nguvu kabla ya kuzama huipunguza mno hewa ya ukaa (kabonidioksidi) mwilini, na kwa kuwa ni hewa hiyo inayoamsha hamu ya kuvuta pumzi, oksijeni yaweza kumwishia asihisi dalili yoyote, akapoteza fahamu akiwa karibu kabisa kufika juu.

Mzamiaji wa pumzi hushuka na hewa aliyoivuta juu ya maji peke yake. Mwaka 1943 Wafaransa Jacques-Yves Cousteau na Émile Gagnan walikamilisha kifaa kinachomwezesha mtu kubeba mtungi wa hewa mgongoni, chenye valvu inayompa mzamiaji hewa kwa shinikizo sawa na la maji yanayomzunguka, na baada ya Vita Kuu ya Pili kifaa hicho kilienea duniani kote. Tofauti iliyoletwa na mtungi ni kubwa kuliko inavyoonekana. Kanuni aliyoieleza Robert Boyle mwaka 1662 inasema kwamba ujazo wa hewa hupungua kadiri shinikizo linavyoongezeka. Juu ya maji shinikizo ni la angahewa moja, kwa kina cha mita 10 huwa mara mbili yake, kwa mita 20 mara tatu. Mzamiaji wa pumzi aliyejaza lita 6 za hewa mapafuni hubakiwa na ujazo wa lita 3 akifika mita 10, na anaporudi juu lita zake 6 humrejea, wala hazizidi. Mwenye mtungi, kinyume chake, akijaza lita 6 akiwa huko huko chini kisha apande huku ameibana pumzi, hewa ile hutaka nafasi ya lita 12 ndani ya kifua kisicho na nafasi hiyo. Mapafu hupasuka, na mapovu ya hewa yaweza kuingia katika damu na kufika kwenye ubongo. Ajali hii haihitaji kina kirefu, kwani imewahi kutokea katika maji yasiyozidi mita 2.

Hapa ndipo historia ya Lamu inapotoa funzo ambalo vitabu vya mafunzo, vilivyoandikwa kwa ajili ya wageni wa mabwawa ya kuogelea, havilisemi waziwazi. Kijana aliyekulia Kizingitini au Faza akizamia tangu utotoni huonekana kuwa mwanafunzi bora wa mtungi: haogopi maji, hujua kuyasawazisha masikio, hutulia. Lakini jambo alilolizoea kuliko yote, yaani kuibana pumzi mpaka afike juu, ndilo jambo la kwanza analotakiwa kuliacha, kwa sababu amri kuu ya mtungi ni kupumua mfululizo bila kukatisha, hasa wakati wa kupanda. Mazoea ya mwili hayafutwi kwa mhadhara wa asubuhi moja, na mtu anapopatwa na hofu hurudia alichokizoea. Kwa hiyo mzamiaji mzoefu wa pumzi anastahili mazoezi mengi zaidi ya kupanda polepole kuliko mgeni asiyejua lolote.

Hatari ya pili ya kupumua hewa chini ya maji ilifahamika kwa gharama kubwa ya maisha. Kuanzia miaka ya 1860 wavunaji wa sponji wa kisiwa cha Kalymnos, Ugiriki, walianza kutumia vazi la kofia ya chuma linalopulizwa hewa kwa pampu kutoka chomboni, na wengi wao walipanda wakiwa wazima, kisha wakapooza au kufa. Mwaka 1878 Mfaransa Paul Bert alieleza kuwa nitrojeni, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya hewa, huyeyuka katika damu na tishu chini ya shinikizo, na shinikizo likiondolewa ghafla hutoka kwa mapovu, kama soda inavyofanya chupa inapofunguliwa kwa pupa. Mwaka 1908 John Scott Haldane, baada ya kufanya majaribio kwa mbuzi, alichapisha majedwali ya kupanda kwa vituo yaliyotumiwa na jeshi la wanamaji la Uingereza, na kanuni za leo zimetokana na kazi hiyo.

Nchini Kenya mtungi uliingia katika historia kwa njia ya elimukale, pale manowari ya Kireno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu mwaka 1697, ilipochunguzwa na wazamiaji kuanzia 1977 hadi 1980. Katika visiwa vya Lamu uchunguzi wa namna hiyo ulikuja kwa nguvu baada ya 2010, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yaliposhirikiana na wanaelimukale wa China kutafuta mabaki ya vyombo, kwa sehemu kwa sababu ya mapokeo ya Pate kuhusu mabaharia Wachina waliovunjikiwa na chombo karibu na Shanga. Jahazi la msafara wa Zheng He, amiri wa China wa karne ya 15, halikupatikana, ila kazi hiyo ilisaidia kukuza kundi la wazamiaji wa Kenya wenye mafunzo kamili, wakiongozwa na mwanaelimukale Caesar Bita.

Upande wa uvuvi mambo yalikwenda vingine. Soko la majongoo bahari barani Asia liliwavuta baadhi ya wavuvi wa pwani ya Afrika Mashariki kutumia mitungi bila mafunzo, na mwanzoni mwa karne ya 21 Kenya ilipiga marufuku kuvuna majongoo kwa mitungi. Hoja iliyotangulizwa ilikuwa kuhifadhi majongoo wenyewe; uhai wa mzamiaji, ambaye hushuka mara nyingi kwa siku bila jedwali wala saa, ulilindwa kama kwa bahati.

Anayejifunza leo huwekewa mipaka inayotokana na historia hiyo: kwa kawaida mita 12 kwa anayejaribu mara ya kwanza, mita 18 kwa mwenye cheti cha awali, kupanda kwa mwendo wa mita 9 hivi kwa dakika, na kutua dakika 3 kwenye mita 5 kabla ya kutoka. Mwenye mafua haruhusiwi kuzama, kwani asiyeweza kuyasawazisha masikio yake kwa kubana pua na kupuliza taratibu huumia kiwambo cha sikio katika mita chache za kwanza, ambako badiliko la ujazo wa hewa ni kubwa zaidi.

Mipaka hiyo, hata hivyo, haiijui bahari ya Lamu. Wakati wa kusi mawimbi huupiga ukingo wa nje wa miamba, na maji ya mikoko pamoja na tope la mto Tana upande wa kusini huweza kumfanya mzamiaji asimwone mwenzake. Wakati wa bamvua tofauti ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji yote hayo hutoka kupitia mikondo myembamba kama ule wa Shela, kwa hiyo anayeibuka maji yakitoka huweza kusukumwa hadi bahari kuu kabla chombo hakijamfikia. Visiwa vidogo vya Kinyika na Manda Toto huzamiwa kwa usalama zaidi wakati wa kaskazi, siku za maji mafu, na katika muda mfupi maji yanaposimama, na anayeujua muda huo vizuri ni nahodha wa mahali, ambaye mara nyingi hana cheti chochote cha uzamiaji.

Linalobaki ni umbali. Mgonjwa wa mapovu hutibiwa katika chemba ya shinikizo, yaani chumba cha chuma anamorudishiwa shinikizo la chini ya maji kisha likapunguzwa polepole, na iliyo karibu iko katika kambi ya Jeshi la Wanamaji, Mtongwe, Mombasa. Njia ya haraka ya kufika huko kutoka Lamu ni ndege ya uwanja wa Manda, ila kupaa kwenyewe hupunguza shinikizo na kuyakuza mapovu. Ndiyo sababu hata mzamiaji mzima hushauriwa asipande ndege kabla ya saa 12 kupita baada ya mzamo mmoja, au saa 18 baada ya mizamo kadhaa, na mgonjwa huhitaji ndege inayoruka chini sana au yenye chumba kinachohifadhi shinikizo la usawa wa bahari. Barabara ya Garsen na Malindi huchukua saa nyingi, na kwa miaka kadhaa baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya 2014 mabasi yake yalisafiri kwa kusindikizwa na askari. Kwa hiyo oksijeni safi iliyomo chomboni, pamoja na mtu anayejua kuitumia tangu dakika ya kwanza, ndiyo tiba pekee iliyo mkononi Kiwayu au Manda kabla ya yote hayo kupangwa.