Mbwa wa Ukambani na Ugonjwa wa Kala-azar

Katika miaka ya 1952 na 1953 ugonjwa mbaya uliwashambulia watu wa Kitui. Mgonjwa alishikwa na homa isiyokatika kwa majuma mengi, akakonda, damu ikampungua, na wengu ukavimba hata tumbo likajaa. Asiyetibiwa, kwa kawaida alikufa. Ndiyo kala-azar, jina litokalo Bara Hindi. Hapo nyuma, mwaka wa 1940 na 1941, ugonjwa huo ulikuwa umewapata askari wa King's African Rifles kaskazini ya Ziwa Rudolf, liitwalo leo Turkana. Na wako waliodhani kwamba askari waliorudi makwao ndio walioufikisha Ukambani.

Vijidudu vyake vilijulikana tangu 1903, kwa kazi ya Leishman na Donovan. Huingizwa mwilini na usubi, mdudu arukaye, mdogo kuliko mbu. Lakini usubi huyo huvitoa wapi? Wengi walimtazama mbwa, wala si bila sababu, kwani mwaka wa 1908 Charles Nicolle alivigundua vijidudu vya namna hiyo katika mbwa wa Tunis, na katika nchi zizungukazo Bahari ya Mediterania mbwa ndiye ghala ya ugonjwa. Basi mbwa wa Mkamba, alindaye mbuzi na kulala mlangoni pa bwana wake, akawa mshtakiwa.

Waliochunguza Kitui walikuta jambo jingine. Southgate na Oriedo walieleza mwaka wa 1962 jinsi wagonjwa walivyoandamana na vichuguu. Kichuguu cha zamani kilichomomonyoka huwa karibu na boma, na jioni wanaume na wavulana hupenda kuketi hapo wakizungumza. Ndani ya matundu yake mna ubaridi na unyevu wakati wa mchana. Humo hujificha usubi aitwaye Phlebotomus martini, naye hutoka giza likiingia. Huenda hakuna aliyekaa pale akadhani kwamba anakaa mahali pa hatari!

Hata hivyo kesi ya mbwa haikufungwa. Mwaka wa 1980 Mutinga na wenzake walitangaza kwamba wamepata vijidudu hivyo katika mbwa wa Wilaya ya Machakos, ambayo siku hizo ilikuwa pamoja na Makueni. Je, amepatikana na hatia? Sioni hivyo. Mbwa na bwana wake hulala karibu na kichuguu kimoja; usubi akimwuma mgonjwa, kisha akamwuma mbwa, mbwa naye aweza kupata vijidudu vile vile. Ili ahukumiwe, yapasa ionekane kwamba mbwa wengi wanavyo, na kwamba usubi huvichukua kwao na kuwapelekea watu. Wataalamu wengi wa leo huhesabu kwamba katika Afrika ya Mashariki ghala kuu ni mtu mwenyewe. Mbwa wote wa kijiji wakiuawa, na mgonjwa mmoja akaachwa bila dawa kando ya kichuguu, usubi atavipata vijidudu kwake jioni ile ile.