Bunduki Zilizonunuliwa kwa Watu

Watu wengi wa pwani ya Ziwa letu, tangu Mwanza hata Ukerewe, wamesikia ya kuwa Waganda walipigana wao kwa wao kwa ajili ya dini. Habari hiyo ni kweli, lakini haikutimia. Chini ya ugomvi wa dini palikuwa na jambo la zamani zaidi, nalo ni biashara ya watu.

Mfanya biashara Mwarabu, Ahmed bin Ibrahim, alifika Buganda mwaka 1844, zamani za Kabaka Suna. Waliomfuata walileta nguo, baruti na bunduki, wakataka pembe za ndovu na watumwa. Suna, na baada yake mwanawe Mutesa, walipeleka majeshi Busoga na Bunyoro kuteka watu na ng'ombe. Mateka wengine waligawiwa wakuu, wengine wakauzwa. Mitumbwi ikavuka Ziwa na pembe na watumwa hata Kageye, katika nchi ya Wasukuma, na toka huko misafara ikashika njia ya Tabora. Basi pwani yetu nayo ilikuwa mlango wa biashara ile.

Mwaka 1878 alifika Buganda Mwingereza Mackay, na mwaka 1879 wakafika mapadre waliotumwa na Lavigerie. Mackay alishindana na Waarabu barazani mwa Mutesa juu ya kuuza watu, nao wakaona ya kuwa mafundisho hayo yatawaharibia biashara. Vijana wa baraza wakagawanyika: Waislamu, Wakatoliki na Waprotestanti.

Mutesa alikufa mwaka 1884, akatawala mwanawe Mwanga. Huyu aliwaua Wakristo wengi, lakini baadaye akawapa vijana wasomaji, Wakristo na Waislamu, bunduki na vyeo. Mwezi Septemba 1888 alipotaka kuwaangamiza wote, waliungana wakamfukuza kwa bunduki zile zile. Umoja wao haukudumu hata miezi miwili. Mwezi Oktoba Waislamu, wakisaidiwa na Waarabu, waliwatoa Wakristo mjini, na wamisionari wakafukuzwa.

Wakimbizi hao walikuja kwetu. Mashua ya Waprotestanti ilitobolewa na kiboko ziwani, lakini mwisho wamisionari walifika Usambiro kwa Mackay. Mapadre wakafika Bukumbi. Mwanga naye alikimbilia Magu kwa Waarabu, wakamtenda vibaya. Ndipo akajificha Bukumbi kwa mapadre. Katika kituo hicho walikuwa wakilelewa watoto waliokombolewa utumwani. Tazameni: mfalme, mwana wa wafalme waliouza watu, akaomba hifadhi penye watoto waliouzwa!

Huko Buganda vita viliendelea. Kabaka Kalema aliwaua ndugu zake wengi, wanaume kwa wanawake, wasije wakamnyang'anya kiti. Mwanga alirudi Oktoba 1889, akafukuzwa tena, akashinda Februari 1890. Wanawake na watoto walitekwa kama walivyotekwa zamani watoto wa Busoga. Hata Waislamu walipokwisha kushindwa, amani haikuja: tarehe 24 Januari 1892 Wakatoliki na Waprotestanti walipigana Mengo, Mkristo akamwua Mkristo. Basi tusiseme kwamba ubaya ulikuwa wa dini moja tu.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Nchi iliyozoea kwenda kuteka watoto wa jirani ilijifunza kuishi kwa bunduki, na jirani walipokwisha kutekwa, bunduki ziligeukia nyumbani.

Lakini mwaka 1893 wakuu wa Kiprotestanti wapatao 40 walitia sahihi zao katika barua ya kusema kwamba wanataka kuuacha utumwa katika nchi yao. Wakuu hao walikuwa na watumwa nyumbani, na utajiri wao ulikuwa ni watu. Hawakupoteza kitu kidogo. Kusoma kitabu ni kwema, ndugu zangu; lakini kusoma kwao kulijulikana kuwa kweli siku ile walipokubali kupungukiwa, ili mtu mwingine awe huru.