Kiwambo

Kiwambo ni nomino inayotokana na kitenzi wamba, yaani kutandaza na kukaza ngozi juu ya ngoma. Leo neno hilo pia hutaja uso wa kompyuta unaoonyesha picha, ingawa madukani Likoni, Kisauni na Changamwe, mitaa ya Mombasa, wengi husema skrini au monita.

Istilahi chache humwongoza mnunuzi mwenye bajeti ndogo. Inchi hupimwa kwa mshazari, pembe hadi pembe. 24 zatosha mezani. Pikseli ni vitone vya picha: 1920 kwa 1080 huonyesha maandishi safi bila kuielemea kompyuta wakati wa michezo. Hezi ni mara ambazo picha huhuishwa kwa sekunde: 60 zatosha kwa kazi na filamu, lakini michezo ya kompyuta ya mpira na mbio za magari hunoga zaidi kwenye 144, mradi kompyuta imudu kasi hiyo.

Kiwambo cha mtumba hujaribiwa kikiwa kimewashwa papo hapo dukani. Picha nyeupe tupu hufichua pikseli zilizokufa. Nyeusi hufichua mwanga unaovuja kingoni. Tundu la HDMI la kuunganishia kompyuta nalo huangaliwa, kwani viwambo vingi vya zamani vina tundu la VGA pekee.