Dondoo Bila Muktadha: Wasomaji wa American Psycho Walivyogawanyika, 1990–1991

Suala la nani anayezungumza katika riwaya huwatatiza watahiniwa wengi. Katika kusahihisha majibu ya fasihi, si nadra kukutana na sentensi inayoanza kwa "mwandishi anasema", kisha yakafuata maneno ambayo mwandishi hakuyasema kamwe bali aliyatia kinywani mwa mhusika mwovu. Kosa hili tumelizoea, na tunalichukulia kuwa la mwanafunzi asiyesoma kwa makini. Hata hivyo, historia inaonyesha kuwa watu wazima, wahakiki na wachapishaji wakiwemo, waliwahi kugombana vikali juu ya suala hilo hilo. Makala haya yanarejelea mgogoro uliozuka nchini Marekani kati ya mwaka 1990 na 1991 kuhusu riwaya ya American Psycho ya Bret Easton Ellis. Ieleweke mapema kwamba riwaya yenyewe haifai kutiwa mikononi mwa wanafunzi wetu, wala sipendekezi isomwe darasani. Ni historia ya mapokezi yake inayomfaa mwalimu.

Ellis alizaliwa mwaka 1964 mjini Los Angeles. Alipata umaarufu mapema mno: riwaya yake ya kwanza, Less Than Zero, ilichapishwa mwaka 1985 akiwa angali mwanafunzi wa chuo. Ya pili, The Rules of Attraction, ilifuata mwaka 1987. Kwa riwaya ya tatu, kampuni ya Simon & Schuster ilimlipa malipo ya awali ya dola 300,000. Mandhari yake ni Manhattan, mjini New York, mwishoni mwa miaka ya 1980, miongoni mwa vijana waliotajirika kwa biashara ya fedha ya Wall Street. Mhusika mkuu, Patrick Bateman, ni mmoja wao. Mchana hujali suti, mikahawa ya kifahari na kadi za biashara. Usiku hushambulia au kuua mtu mmoja baada ya mwingine: ombaomba, mfanyabiashara wa fedha anayemwonea wivu, na zaidi ya yote wanawake. Anayatenda hayo na anayasimulia mwenyewe, katika nafsi ya kwanza na wakati uliopo. Anaorodhesha nguo za kila mtu aliyeketi mezani kwa sauti ile ile kavu anayotumia kueleza alivyomkata mtu.

Msomaji wa Kiswahili aliyelelewa na hadithi za Bwana Msa atahisi ugeni hapa. Katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960) ya Muhammed Said Abdulla, kama ilivyo katika riwaya nyingi za upelelezi zilizofuata, msomaji na mwandishi wana mapatano ambayo hayakuandikwa popote. Mauaji yametokea, fumbo limefungwa, lakini yupo mtu mwenye akili kuliko sisi atakayelifumbua kabla ya ukurasa wa mwisho. Taharuki hujengwa juu ya swali la nani kaua. Ellis aliyavunja mapatano hayo. Muuaji tunamjua. Mpelelezi Donald Kimball anakuja ofisini, anauliza maswali yake, anaaga na kwenda zake. Hakuna anayekamatwa. Taharuki iliyobaki ni ya aina nyingine kabisa: je, kuna mtu yeyote atakayesikia? Bateman anayakiri makosa yake mara kwa mara, na wanaomzunguka wanadhani anatania au hawamsikizi. Anapomkabili wakili wake baada ya kuungama kwenye simu, wakili anamdhania kuwa mtu mwingine, anacheka, na kumwambia kwamba yule anayedai kumuua alikula naye chakula mjini London siku chache tu zilizopita. Msomaji anaachwa bila kujua iwapo mauaji yalitendeka au yalikuwa ndoto za mgonjwa wa akili. Baadhi ya wasomaji walikiona kitendo hicho kuwa ustadi. Wengine walihisi wamepunjwa.

Lakini ugomvi haukuanzia kwa wasomaji wa riwaya nzima. Ulianza kabla haijachapishwa. Mwaka 1990 baadhi ya watu ndani ya kampuni iliyotarajiwa kuitoa walichukizwa na mswada, na msanii aliyekuwa ametayarisha majalada ya vitabu vya awali vya Ellis alikataa kulitengeneza la kitabu hiki. Kisha magazeti mawili, Time na Spy, yakachapisha dondoo kutoka sehemu za kikatili zaidi pamoja na maneno ya kulaani. Mnamo Novemba 1990 mkuu wa Simon & Schuster, Richard Snyder, aliifuta kazi hiyo wiki chache tu kabla ya kusambazwa. Ellis alibaki na fedha zake. Haikupita hata wiki moja Sonny Mehta akaichukua kwa ajili ya Vintage, tawi la Random House, na mnamo Machi 1991 ikatoka.

Katikati ya miezi hiyo ndipo kelele zilipozidi. Mnamo Desemba 1990 mhakiki Roger Rosenblatt aliandika katika New York Times akiwataka watu wasiinunue kabisa. Tawi la Los Angeles la chama cha kitaifa cha wanawake nchini humo, likiongozwa na Tammy Bruce, liliitisha ususiaji wa vitabu vya mchapishaji, na likaweka nambari ya simu ambapo mtu angepiga na kusikizishwa kipande cha riwaya ili ajue ubaya wake. Ellis alitumiwa vitisho vya kuuawa. Zingatia kinaya kilichopo: waliotaka kitabu kisisomwe ndio waliosambaza kurasa zake mbaya zaidi kwa watu ambao hawangekigusa.

Hapa ndipo mwalimu wa fasihi anapopata jambo la kushika. Kila mwaka tunawafundisha watahiniwa kwamba swali la dondoo huanza kwa muktadha: nani anasema, anamwambia nani, wapi, na kwa sababu gani. Mgogoro wa 1990 ulipiganwa kwa dondoo zisizo na muktadha. Katika riwaya yenyewe, zaidi ya kurasa mia moja hupita kabla ya msomaji kuoneshwa shambulio la kwanza kwa ukamilifu. Kurasa hizo zimejaa majina ya washonaji, vipodozi, vyakula na mabishano juu ya namna ya kufunga tai. Zinachosha, na zimekusudiwa kuchosha. Msomaji anapofika kwenye damu, sikio lake limekwisha kuzoea orodha, na kinachomtisha ni kuona kwamba kwa msimulizi mwili wa binadamu umekuwa kitu kimoja zaidi katika orodha hiyo. Aliyesoma dondoo gazetini alipata damu bila suti. Kwake huyo, maandishi yalikuwa ukatili mtupu, na hakuwa na makosa kuyaona hivyo.

Wapo waliosoma riwaya nzima na bado hawakukubaliana. Norman Mailer, katika jarida la Vanity Fair la Machi 1991, alitetea haki ya riwaya kuchapishwa na akakiri kuwa imethubutu kugusa jambo zito. Hata hivyo aliona imeshindwa kisanaa, maana msomaji anaufunga ukurasa wa mwisho bila kujua zaidi ya alivyojua mwanzoni kuhusu roho ya muuaji. Mwandishi wa Uingereza Fay Weldon, mwanamke aliyejulikana kwa riwaya zake kuhusu maisha ya wanawake, aliisifu. Kwa hiyo si kweli kwamba wanawake wote walikuwa upande mmoja na wanaume upande mwingine, ingawa mjadala mara nyingi husimuliwa hivyo.

Mimi nakubaliana na Mailer nusu. Kwamba Bateman hana undani ni kweli, lakini naona huo ndio ukosoaji wenyewe. Ni mtu aliyejazwa bidhaa. Zipo sura tatu ambamo anaacha hadithi na kuhakiki muziki wa Genesis, Whitney Houston na Huey Lewis kwa lugha inayofanana na maandishi ya nyuma ya jalada la kaseti. Humo anaonekana mwenye hisia kuliko anapozungumza na mchumba wake. Ipo pia sura ambamo anakimbizwa na polisi, na katikati ya mbio hizo usimulizi unatoka "mimi" na kuingia "yeye" bila onyo, kisha unarudi. Msimulizi anajipoteza machoni petu. Mtu anayedai kwamba sauti ya Bateman ndiyo sauti ya Ellis hana budi kwanza kueleza badiliko hilo la nafsi.

Nusu ya pili sikubaliani na watetezi. Mara nyingi walijibu kwamba hii ni tashtiti, kana kwamba neno hilo linafuta kila swali. Tashtiti huhitaji ishara. Jonathan Swift alipopendekeza mwaka 1729 kwamba watoto wa maskini wa Ireland waliwe, upuuzi wa pendekezo ulikuwa wazi kiasi cha kumwambia msomaji asimame wapi. Ellis ameziondoa ishara nyingi za aina hiyo, na baadhi ya matukio ya kutesa wanawake yanaendelea mbali kuliko tashtiti inavyohitaji. Msomaji mwanamke aliyesema hakuona sababu ya kupitia kurasa hizo ili afikie ujumbe aliokwisha kuujua maishani hakuwa msomaji dhaifu. Alikuwa ametaja gharama ya kusoma, jambo ambalo nadharia zetu za uhakiki hulitaja kwa nadra sana.

Migogoro ya namna hii haiko mbali nasi. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1971, iliwahi kupigwa marufuku katika shule za Tanzania, na baadaye ikaja kufundishwa. Hapa Kenya, katikati ya miaka ya 2000, viongozi wa dini walilalamikia Kitumbua Kimeingia Mchanga na Mayai Waziri wa Maradhi, vitabu vilivyokuwa vikitahiniwa, wakidai vina mambo yasiyowafaa vijana. Hakuna kati ya kazi hizo inayokaribia ukatili wa Ellis. Wengi wetu, hata hivyo, tutakuwa tumewahi kumpokea mzazi ofisini ameshika kitabu kilichofunguliwa ukurasa mmoja tu, na kidole chake kimewekwa juu ya mstari mmoja.

Baada ya miaka kumi mambo yalichukua mkondo mwingine. Mwaka 2000 riwaya ilitolewa kuwa filamu iliyoongozwa na Mary Harron, ambaye aliandika mswada wake pamoja na Guinevere Turner. Wanawake hao wawili waliacha sehemu kubwa ya mateso nje ya picha na kuweka mbele kichekesho cha wanaume wanaokaribia kuzirai kwa kuona kadi ya mwenzao ni nzuri kuliko yao. Watu wengi walirudi kwenye riwaya wakisema sasa wameielewa. Nina shaka na hoja hiyo. Kamera husimama nje ya Bateman na kumcheka. Katika riwaya hatuna pengine pa kusimama ila ndani ya kichwa chake. Kuipenda filamu hakumaanishi kwamba riwaya imesafishwa.

Ellis mwenyewe naye hakuturahisishia kazi. Kwa miaka mingi aliwaambia waliomhoji kwamba Bateman alitokana na babake. Takriban mwaka 2010 alikiri kuwa huo ulikuwa udhuru, na kwamba utupu na hasira za Bateman zilikuwa zake binafsi alipoishi New York akiwa kijana. Sisi tunaosisitiza kwamba msimulizi si mwandishi tulilazimika kuisoma kauli hiyo mara mbili. Bado naamini tofauti hiyo inasimama, kwa kuwa mtu anayeitoa hasira yake na kuipa jina, suti na kazi ya mshahara hayuko tena ndani yake kama alivyokuwa. Lakini mtahiniwa mwerevu akiniuliza juu ya kauli hiyo sitamkemea.

Nchini Ujerumani riwaya iliwekwa mwaka 1995 katika orodha ya vitabu vinavyodhuru vijana, kisha baadaye ikaondolewa. Australia iliipa daraja la watu wazima wa miaka 18 na zaidi, nayo ikawa inauzwa ikiwa imefungwa ndani ya plastiki. Mnamo Julai 2015 polisi waliingia katika duka moja la vitabu mjini Adelaide baada ya mtu kulalamika kwamba nakala zilikuwa rafuni bila plastiki hiyo. Kwa utaratibu huo, mteja mwenye umri ufaao aliruhusiwa kukinunua kitabu, ila hakuruhusiwa kukifungua pale dukani asome hata ukurasa mmoja, wala ule uliotangulia.